Wamekata au Umekatika?

Mashine ya kunyolea ilinyamaza ikiwa juu ya sikio langu la kulia.

Nilikuwa kwa kinyozi wangu, Tabata, Jumamosi jioni. Upande mmoja wa kichwa umeshachongwa vizuri, upande wa pili bado msitu. Feni ikazunguka mara mbili tatu kivivu, ikasimama. Redio ya duka la jirani ikakatika katikati ya tangazo la sabuni. Halafu, kama ilivyo desturi ya mtaa wetu, sauti za watoto zikapasuka kutoka kila uchochoro: "Wamekataaa!"

Kijana aliyekuwa anasubiri zamu akatoa simu, akapekua kundi la WhatsApp la mtaa, akakuta tangazo. Akalisoma kwa sauti ya msoma taarifa ya habari: kutokana na hitilafu iliyojitokeza kwenye miundombinu, baadhi ya maeneo yatakosa huduma ya umeme, jitihada za kurejesha huduma zinaendelea, tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza.

Pale nje kuna mzee ambaye huja kusoma gazeti la bure tu, maana kichwa chake hakina cha kunyoa. Akainua macho.

"Nani kakata?"

"Hakuna aliyekata, mzee wangu. Hitilafu imejitokeza."

"Imejitokeza? Kwani ilikuwa imejificha wapi?"

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Na mimi nikacheka, lakini nusu, kama kichwa changu.

Sentensi ile niliijua. Jana yake, ofisini, nilikuwa nimeiandika kwa mkono wangu.

## Dakika nne

Mimi siko kwenye mambo ya umeme. Niko kwenye taasisi moja ambayo sitaitaja, kitengo cha mawasiliano, meza ya mwisho kabisa karibu na mlango wa maliwato. Kazi yangu ni kuandika yale mabandiko yanayowekwa dirishani na mtandaoni, yanayoanza na "Tunapenda kuutaarifu umma".

Wiki ile leseni ya programu yetu ya malipo iliisha muda. Barua pepe ya kutukumbusha ilikuja mwezi mzima kabla, ikatufikia watu watatu, na mimi nikiwa mmojawapo. Kila mtu akaamini mwenzake atalishughulikia. Siku mbili wateja wakapanga foleni wakiambiwa "mfumo uko chini", wakarudi makwao. Wengine walikuwa wametoka Kisarawe.

Nikaandika: "Kutokana na changamoto ya kimfumo iliyojitokeza, huduma ya malipo ilikosekana kwa muda. Hatua stahiki zimechukuliwa. Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza."

Ilinichukua dakika nne. Hakuna aliyeniamuru kuficha chochote. Mkuu wangu hakugusa hata nukta. Alisema "safi sana", akatia saini.

Vitu viwili vimejitokeza ndani ya aya moja, na watu watatu wamejificha.

## Imevunjika yenyewe?

Mtoto akivunja glasi jikoni huja mbio na kusema, "Mama, glasi imevunjika." Na kila mama anayezungumza Kiswahili ana jibu lake tayari: "Imevunjika yenyewe?"

Mama huyo ni mwanasarufi. Lugha yetu imeliwekea jambo hili ngazi tatu. *Wamekata*: wapo watu, ingawa hatuwajui majina. *Umekatwa*: watu wametolewa mbele, lakini nafasi yao ipo, unaweza kuuliza "na nani?" na ukajibiwa. *Umekatika*: hapo hata swali halina pa kukaa. Jaribu kusema "umekatika na fulani" uone ulimi unavyokataa.

Sisi wa maofisini tunaishi ngazi ya tatu. Huduma inakosekana. Fedha hazikupatikana. Barua haikuonekana. Tukipanda hadi ngazi ya pili ni kwa uangalifu mkubwa, kama kwenye "suala lako linafanyiwa kazi", kauli ambayo sijawahi kusikia mtu akiiuliza: na nani, kazi gani, hadi lini? Na juu ya yote tumeweka neno *changamoto*, ambalo sasa limekuwa gunia. Ofisini kwetu paa likivuja ni changamoto, gari likikosa tairi ni changamoto, na mtu akila posho ya wenzake nayo ni changamoto vilevile.

Mtaa haujawahi kukubali sarufi hiyo. Mtaa husema wamekata, na baada ya saa nne ukashangilia wamerudisha. Kwa mtaa, mahali fulani pana mtu, pana swichi, na mtu huyo ana jina.

Kwa wiki tatu nilidhani makala hii itaishia hapa. Mtaa unasema kweli, ofisi inadanganya, kwaherini.

Halafu nikamsomea rafiki yangu.

## Mashine ya kusaga

Huyu ni fundi wa umeme mkubwa, wa zile nguzo za chuma zinazokata mapori. Alisikiliza rasimu yangu mpaka mwisho bila kunikatiza, akamalizia soda yake, akasema: "Umeandika vizuri. Ila kuna siku kweli *umekatika*."

Nikamwambia anatetea wenzake. Akaniuliza kama nimewahi kusimama kwenye mashine ya kusaga unga. Nani hajasimama?

"Sasa. Ukimwaga mahindi mengi kwa pupa, mota inafanyaje?"

"Inalia."

"Inalia, halafu inapunguza mwendo. Ukiendelea kumwaga, inazima. Gridi ndiyo hiyohiyo."

Mitambo yote iliyounganishwa kwenye gridi, yaani mtandao mmoja wa umeme wa nchi nzima, ya maji ya Kidatu na Mtera, ya gesi ya Kinyerezi, ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, huenda kwa mapigo mamoja: mara 50 kwa sekunde, ndiyo hertz 50. Tukiwasha vitu vingi kuliko kinachozalishwa, au mtambo mkubwa ukitoka ghafla, mapigo yanashuka, kama mota ya mashine iliyoshindiliwa mahindi. Mitambo haivumilii kwenda chini hivyo kwa muda mrefu. Kwa hiyo kuna vifaa vya ulinzi, mafundi wanaviita rilei, ambavyo kazi yake ni kupima mapigo. Yakishuka chini ya kiwango kilichowekwa, rilei inatupa baadhi ya laini nje ili mzigo upungue. Inafanya hivyo kabla hujamaliza kupepesa jicho. Mwanadamu hana muda wa kushika swichi yoyote.

Mzigo ukipungua vya kutosha, gridi inapona na wengi wetu hatujui kwamba kulikuwa na hatari. Usipopungua, mitambo inaanza kujitoa mmoja mmoja ili isiharibike. Anayebaki anabebeshwa mzigo wa waliotoka, naye anashindwa, naye anatoka. Huko ndiko kuanguka kwa gridi. Kuisimamisha tena ni kazi ya saa nyingi: unaanza na kituo kinachoweza kujiwasha chenyewe bila kuomba umeme nje, mara nyingi cha maji, unawasha laini moja, unaongeza wateja kidogo kidogo, ukisikiliza mota isilie.

Akanikumbusha pia kwamba kuzidi nako ni tatizo. Machi 2024, TANESCO, shirika letu la umeme, ilieleza kwamba imezima vituo vitano vya maji kwa sababu umeme ulikuwa mwingi kuliko matumizi. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere, mmoja kati ya tisa ya megawati 235 kila mmoja, ulikuwa umeingia kwenye gridi Februari, na sisi tuliotoka kwenye mgao wa 2023 tukashangaa kusikia neno "ziada". Wiki chache baadaye, Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Aprili, gridi ikaanguka. Mtaani watu waliona ni uongo mtupu: jana mmesema umeme umezidi, leo nchi giza? Kumbe yote mawili yanaweza kuwa kweli. Upungufu ni unga kuwa kidogo, na hitilafu ni mashine kusimama. Maneno mawili ya kitaalamu ambayo mimi nilikuwa nayatupa kwenye gunia moja, na kuyadharau yote.

Nilijisikia vibaya kidogo. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili kuwashutumu watu kwa kusema "hitilafu", na neno hilo lina kazi yake halali.

Nikamuuliza swali la mwisho, zaidi kwa ubishi kuliko kwa kutaka kujua. Hizo laini ambazo rilei inazitupa nje kwanza, nani amezipanga?

Akacheka. "Hapo sasa."

Orodha ipo. Watu walikaa mezani wakaamua: laini hii ina hospitali, isiguswe; hii ina pampu za maji; hii ina nyumba na vibanda vya vinyozi, itangulie. Rilei imekata usiku, lakini uamuzi ulifanyika zamani, mchana kweupe, pengine kati ya chai na sambusa.

## Tumbili wa Gitaru

Tarehe 7 Juni 2016 Kenya nzima ilikosa umeme, na KenGen, kampuni inayozalisha sehemu kubwa ya umeme wa nchi hiyo, ikatoa maelezo ambayo yaliichekesha dunia nzima. Kwa ufupi: tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, akaangukia transfoma, transfoma ikajizima, mitambo mingine ya kituo ikazidiwa, zikapotea megawati zaidi ya 180, na gridi ya taifa ikazima.

Wakenya walimchekea tumbili yule kwa siku kadhaa. Naye hakufa; alichukuliwa na Shirika la Wanyamapori.

Mimi siku hizi naisoma taarifa ile kwa wivu. Kuna mtendaji: tumbili. Kuna mahali: juu ya paa. Kuna kitenzi kinachoonekana kwa macho: akaanguka. Kisha kila kiungo kimeshika kingine mpaka unafika kwenye giza la sebuleni kwako. Na kwa sababu imeandikwa hivyo, hata mtu wa darasa la saba anaweza kuuliza maswali ya maana. Tumbili alivukaje uzio wa umeme ambao kampuni ilisema upo? Inakuwaje transfoma moja ikaangusha nchi nzima? Kama wangeandika "hitilafu imejitokeza Gitaru", tungeuliza nini? Itarudi saa ngapi, basi.

Miaka saba baadaye, 25 Agosti 2023, Kenya ikaingia gizani tena, mpaka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Safari hii tumbili hakuwepo. Upande mmoja ulielekeza kidole kwenye shamba la upepo la Ziwa Turkana, lililotoka ghafla likiwa linazalisha megawati 270. Shamba lenyewe likajibu kwamba lilijizima kwa sababu volti za gridi zilikuwa zimepanda kupita kiasi, yaani gridi ndiyo iliyoanza. Kila taarifa ilikuwa na mtendaji, na kila mara mtendaji alikuwa nyumba ya pili.

Mimi na wewe hatuwezi kuamua ugomvi huo kwa kusoma sentensi. Anahitajika mtu mwenye haki ya kuingia nyumba zote mbili na kufungua kumbukumbu za mitambo, sekunde kwa sekunde.

## Shilingi 82

Nilitafuta kwenye simu risiti yangu moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, ya 2023. Shilingi 10,000, kodi ya jengo ilikuwa imeshakatwa mapema mwezi ule. Uniti 28.1. VAT 1,475.41. REA, ya umeme vijijini, 245.90. Na kamstari kadogo ambacho kwa miaka yote sikuwahi kukitazama mara mbili: EWURA 1%, shilingi 81.97.

Kumbe nina mtumishi, na ninamlipa karibu shilingi 82 katika kila elfu kumi.

EWURA, mamlaka ya udhibiti iliyoundwa kwa sheria ya 2001 na kuanza kazi 2006, ndiyo inayotoa leseni, inayopitia bei, na inayotakiwa kumwuliza mtoa huduma lile swali la mzee wa kwa kinyozi. Kabla ya kubadili bei huitisha mikutano ya taftishi, yaani ya kuhoji hadharani. Nalipenda hilo neno, taftishi. Linasikika kama mtu anayekunja mikono ya shati.

Lakini mdhibiti naye ana lugha yake. Vipimo vyake viwili vikubwa vinaitwa SAIDI na SAIFI. Cha kwanza ni wastani wa muda ambao kila mteja alikaa bila umeme kwa mwaka, cha pili ni wastani wa mara alizokatiwa. Mwanzoni nilifurahi: hatimaye namba, si "baadhi ya maeneo". Kisha nikapiga hesabu ya mtaa wa nyumba 100. Nyumba 10 zikikaa gizani saa 10, wastani wa mtaa ni saa moja kwa kila nyumba. Kwenye jedwali, mtaa mzima umekosa umeme saa moja tu, muda wa kuoga na kula. Wale wa nyumba 10 ambao samaki wao wameoza kwenye friji hawamo kwenye jedwali. Wamekuwa wastani.

Sisemi namba zitupwe. Nimeona tu kwamba na namba inaweza kujua kujificha.

Kisha nikakumbuka sakata la mwaka mpya wa 2017, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi bila kuandika. TANESCO iliomba kupandisha bei kwa asilimia 18.19. EWURA ikapitia, ikaruhusu asilimia 8.5, ianze Januari Mosi. Kabla haijaanza, waziri wa nishati wa wakati huo, Profesa Sospeter Muhongo, akaisimamisha. Siku ya mwaka mpya Rais Magufuli akatengua uteuzi wa mkurugenzi mtendaji wa TANESCO, Felchesmi Mramba, ambaye miaka michache baadaye alikuja kuwa katibu mkuu wa Wizara ya Nishati.

Siku ile nilishangilia. Bei haikupanda, na kwa mara moja sentensi zote zilikuwa na watu: fulani kaomba, fulani karuhusu, fulani kazuia, fulani katumbuliwa. Hakuna kilichojitokeza chenyewe.

Sasa nikiitazama, sina uhakika nilishangilia nini. Hesabu zilizopelekwa kwa mdhibiti, taftishi, ukokotoaji, vyote vilifutika kwa kauli ya siku mbili. Gharama ya kuzalisha umeme haikushuka hata senti kwa sababu mtu mmoja ameondoka kitini. Mimi ambaye nimekuwa nikidai tutajiwe mtendaji, nilitajiwa, nikaridhika, nikarudi kula pilau. Sikuuliza tena.

Na huko maofisini najua jina linalotajwa kwanza huwa la nani. Huwa la fundi wa zamu. Huwa la yule binti wa mafunzo kazini aliyebonyeza kitufe alichoambiwa abonyeze. Aliyepanga orodha hasikiki.

Kwa hiyo kuna siku "umekatika" imemwokoa mtu asiye na kosa. Nakubali hilo, japo linaniuma kulikubali.

## Ufafanuzi

Kinyozi alinimalizia Jumatatu. Jumapili yote nilivaa kofia, mpaka kanisani, na shemasi akaniangalia vibaya.

Wateja wetu nao hawakuacha kuuliza juu ya zile siku mbili, ikabidi taasisi itoe ufafanuzi. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikaandika: "Tulisahau kulipia leseni ya programu ya malipo. Ukumbusho ulitufikia watumishi watatu, na hakuna aliyeufanyia kazi. Huduma ilisimama siku mbili. Kuanzia sasa ukumbusho utakwenda kwa mtu mmoja, na asipojibu ndani ya siku tatu, utapanda kwa mkuu wake."

Mkuu wangu aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena bila miwani.

"Hii ni taarifa au ni maungamo?"

Nikamwambia kuhusu tumbili. Hakucheka. Alisema, na sikuwa na jibu zuri, kwamba wale watatu wana watoto, na kwamba bajeti ya leseni ilichelewa kuidhinishwa huko juu, sasa huko juu nako tupaandike? Tukabishana karibu saa nzima. Siku mbili zikabaki kuwa siku mbili, hazikugeuka "kwa muda". Utaratibu mpya ukabaki. Watu watatu wakatoka. Na lile "tulisahau" la mwanzo akalizungushia kalamu nyekundu, akafikiri kidogo, akaandika juu yake kwa herufi nzuri za walimu wa zamani: *ilisahaulika*.

Likabandikwa dirishani Alhamisi. Ijumaa asubuhi simu ya mezani ikalia, mama mmoja, sauti ya upole kabisa.

"Mwanangu, nimesoma hapa kwamba leseni ilisahaulika. Nani aliisahau?"

Nilitazama kushoto, nikatazama kulia. Hakuna aliyekuwa ananisikiliza.

"Mama," nikasema, "suala hilo linafanyiwa kazi."